Mita Sita na Sentimita Arobaini

Mtaani walimwita Mzee Sentimita, na jina hilo alilistahili. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa msomaji wa kipimo cha mto, kazi ambayo nusu ya majirani zake hawakuamini kwamba ni kazi. Kila siku iendayo kwa Mungu, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, aliteremka ngazi za zege hadi ukingoni, akainama, akatazama maji yamegusa wapi kwenye ubao mweupe wenye namba nyeusi, kisha akapanda kibandani kuandika. Mvua, jua, homa, msiba, yeye huyo ngazini. Kinyozi wa njia panda, ambaye saa yake ya ukutani ilikuwa mbovu tangu ainunue, alifungua duka kwa kumwona mzee anapita.

Utani haukuisha. Walisema ukimkaribisha chakula atakwambia mchuzi wako umepungua sentimita mbili tangu mara ya mwisho. Yeye alijibu bila hata kutabasamu kwamba ni tatu. Alikuwa mtu wa namna hiyo: mkavu usoni, mpole ndani, na mwenye kujua hasa kila kitu kina urefu gani.

Daftari la maji lilikuwa na safu tano: tarehe, saa, kina, sahihi, maoni. Ofisa aliyemfundisha kazi ujanani alikuwa mkali kuhusu jambo moja kuliko yote. Namba haifutwi. Ukikosea, unaipiga mstari mmoja tu, ile ya kosa iendelee kusomeka, halafu juu yake unaandika ya kweli na kutia sahihi. Anayefuta ana la kuficha, alisema yule ofisa, na serikali haihitaji msomaji mwenye la kuficha. Mzee Sentimita aliishika kanuni hiyo. Katika madaftari yake yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, hakuna palipofutwa.

Palikuwa na ukurasa mmoja wa uongo mtupu, lakini haukufutwa mahali popote.

Mwaka huo serikali ilikuwa inatafuta mahali pa kujenga vituo vipya vya umeme wa nyuklia. Kituo cha namna hiyo kinataka maji mengi ya kupoza mitambo, kwa hiyo wataalamu walipita kwenye mito na maziwa, wakabakisha sehemu tatu kwenye orodha yao. Mojawapo ilikuwa kiwanja cha chini, pale mto unapopinda baada ya nyumba za mwisho. Wakaja watu wenye makoti ya rangi ya chungwa. Wakaja na mashine ya kutoboa ardhi, wakawa wanachomoa udongo kwenye mabomba na kuupanga kwenye masanduku yenye namba. Mji ukagawanyika, kama kawaida ya miji. Kinyozi alikwisha kujenga kichwani duka la viti sita. Muuza dawa alisema wajukuu zake watazaliwa na vidole kumi na viwili. Waligombana kila jioni na kila asubuhi wakaazimana gazeti.

Mkuu wa wale wataalamu alikuwa mhandisi wa kike, binti wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa matope hata siku za jua. Siku ya mkutano wa hadhara, ukumbi wa shule ulifurika mpaka watu wakakaa madirishani. Mzee Sentimita na mkewe walipewa viti vya mbele, naye hakujua kwa nini, akadhani ni heshima ya umri.

Mhandisi alieleza kwa utulivu. Hatari ya kwanza ya kiwanja cha chini, alisema, ni mafuriko. Maji yakiingia kwenye kituo na kuzima pampu za kupoza, hapo ndipo penye balaa. Kwa hiyo lazima wajue mto huu umewahi kupanda kiasi gani, kisha wapige hesabu za mvua kubwa kuliko hiyo, wainue msingi juu zaidi ya hapo.

"Hesabu zote hizo zinasimama juu ya siku moja," akasema. "Mafuriko makubwa ya miaka ishirini na saba iliyopita. Kipimo cha kule chini kilisombwa siku ile. Tumebaki na kipimo kimoja tu, cha hapa kwenu, na mtu mmoja aliyesimama kibandani maji yamemzingira, akasoma kila saa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. Kilele kilikuwa saa saba mchana: mita sita na sentimita arobaini. Mzee wetu, naomba usimame watu wakuone."

Akasimama. Miguu ilimsimamisha, yeye mwenyewe hakuwa na habari nayo. Ukumbi ulipiga makofi, kinyozi akapiga na mluzi. Mkewe alipiga makofi pia, polepole, macho yamejaa machozi, na hilo ndilo lililomkata maini.

Kwa sababu siku ile hakuwa kibandani.

Ilikuwa Jumapili. Alisoma maji ya saa kumi na mbili, akaandika, akapanda kilimani kwa rafiki yake kucheza karata. Walikuwa wanne. Mvua ikashuka, wakasogeza meza ndani, wakaendelea. Juu ya bati mvua ilipiga kelele hata ikabidi watajiane karata kwa kupaza sauti. Anachokumbuka zaidi, na ambacho angetoa chochote ili akisahau, ni kwamba alikuwa anashinda. Hakutaka kuinuka akiwa anashinda. Walipotoka alasiri, bonde lote lilikuwa maji.

Nyumbani mkewe alikuwa peke yake na watoto wawili, wa kike wa miaka sita na wa kiume wa miaka minne mwenye homa. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapanda upesi. Asingeweza kuwabeba wote wawili katika mkondo ule. Alimweka mdogo juu ya kabati, akamwambia akae asishuke, akambeba mkubwa mgongoni hadi kwenye paa la jirani. Aliporudi, kabati lilikuwa limeelea na kupinduka. Mtoto walimpata kesho yake.

Mume alipofika jioni ile, ameloa chapachapa, mke alimuuliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi?" Naye akasema, "Kipimoni. Maji yalinizingira, sikuweza kutoka." Maneno yalimtoka kabla hajayapima, yeye mpimaji. Kesho kutwa yake, kaburi likiwa bado bichi, aliketi kibandani akaandika masomo saba ya kubuni, saa kwa saa, ili daftari liseme alichokisema yeye. Kwenye nguzo ya kipimo mvua ilikwisha kuosha alama ya tope. Akakisia. Sita na arobaini ilionekana namba ya heshima.

Wenzake watatu wa karata hawakumsema. Wawili walikwisha kufa, wa tatu alihamia mbali. Siri ilibaki na yeye peke yake, na mkewe alimsamehe kosa lingine kabisa, kosa la kuwa mtumishi mwaminifu mno.

Walirudi nyumbani kwa miguu baada ya mkutano. Mkewe, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, siku zote alimwita baba watoto. Hata baada ya msiba hakubadilisha, ingawa aliyebaki alikuwa binti mmoja, sasa mwalimu katika mji mwingine. Alikuwa na njia yake ya kuhesabu.

"Baba watoto," akasema walipofika kwenye kona ya posta. "Nikwambie kitu? Miaka yote nilikuwa najiuliza ile kazi ilikuwa na faida gani. Wewe kule, mimi huku, na mtoto juu ya kabati. Leo nimeelewa. Ile namba yako itawakinga watoto wa watu."

Akaongeza mwendo, macho chini. Mkewe akadhani ni uchungu wa kumbukumbu, akamshika mkono, jambo ambalo hakulifanya barabarani tangu walipokuwa wachumba.

Alijipa siku tatu za kutafuta njia ya kukwepa. Labda wataalamu wataongeza mita za tahadhari zitoshe. Labda watachagua sehemu nyingine. Labda namba yake ya kubahatisha ilikaribia ukweli. Lakini alijua haikukaribia, kwa sababu ukweli ulikuwa ukutani kwake. Maji yalipokauka, mkewe alichukua nyundo akapigilia msumari mahali tope lilipoishia, kwenye chumba cha watoto, juu ya bega la mtu mzima. Nyumba ilipakwa rangi mara nne tangu hapo, na kila mara mafundi waliambiwa wauzunguke msumari huo kwa brashi ndogo. Hakuna kilichotundikwa pale. Mzee Sentimita, aliyepima kila kitu katika maisha yake, hakuthubutu kuupima. Ila jicho la msomaji halidanganyiki, na jicho lilimwambia kwamba msumari ule uko juu sana ya sita na arobaini.

Siku ya nne alikata shauri. Alimkuta mhandisi kwenye chumba cha kupanga nyuma ya zahanati, amezungukwa na ramani na masanduku ya udongo, anakula mkate akiwa amesimama.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu kiti, hicho kingine mguu mbovu."

"Marahaba, mwanangu. Sikai." Akakaa, kwenye kile kibovu. "Ile namba ya saa saba. Si ya kweli."

Mhandisi akaacha kutafuna. "Una maana ulikosea kusoma?"

"Sikusoma. Sikuwepo. Niliziandika zote baada ya siku mbili, kutoka kichwani."

Alitegemea ukali, angalau hasira kidogo ya kumsaidia. Binti yule aliweka mkate chini, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Zingine je?" akauliza. "Za miaka mingine?"

"Ukipata nyingine ya uongo nifunge."

"Nakuamini. Lakini imani yangu haitoshi kwenda nayo wizarani. Nikiitoa namba hii lazima niweke nyingine yenye ushahidi. Kuna alama yoyote ya maji ya siku ile? Ukuta, mti, chochote?"

"Kuna msumari," akasema Mzee Sentimita. "Uko nyumbani kwangu. Aliupigilia mke wangu. Nipe siku moja kabla hujaja na vyombo vyako. Yeye naye bado hajui."

Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Ilikuwa saa tisa, jua kali, shuka kubwa nyeupe katikati yao. Alimwambia akiwa upande wa pili wa shuka, na hilo halikuwa la kishujaa, lakini ndivyo alivyoweza. Alisema yote: kilima, karata, na kwamba alikuwa anashinda. Hiyo ya kushinda hakulazimika kuitaja. Aliitaja kwa sababu aliona akibakisha hata punje moja atakuwa hajasema kitu.

Shuka haikutikisika. Kisha mikono ikaishika pembeni, ikaishusha, na akamwona usoni. Hakuwahi kumwona mkewe akimtazama hivyo, kama mtu anayejaribu kukumbuka huyu aliyesimama mbele yake walijuana wapi.

"Mikono yangu ilikuwa miwili," akasema mkewe. "Miaka ishirini na saba nimejiuliza ningeibeba vipi kazi ya mikono minne. Nikajiambia, mwenzio alikuwa amezingirwa. Na wewe ulikuwa umeshika karata."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikupigie makofi mbele ya watu."

"Ndiyo."

Alikunja shuka mwenyewe, ncha kwa ncha, ingawa shuka ile siku zote waliikunja wawili. Akaingia ndani. Kuanzia saa ile hakumwita baba watoto. Hakumwita kitu chochote. Chakula kilikuwa mezani kwa wakati wake, nguo zilikuwa safi, na hakuna neno. Mzee alijikaza kisabuni kwa saa chache, kisha akalia kibandani, mlango ameufunga, kwa aibu na kwa upweke.

Mhandisi alikuja na watu wawili, na darubini ya kupimia iliyosimama kwa miguu mitatu. Walianzia kwenye alama ya chuma ya kipimo, wakapanda hatua kwa hatua hadi nyumbani, wakisoma namba kwenye fimbo ndefu yenye mistari. Mlangoni mhandisi alivua viatu vyake vya matope. Mzee alisimama ukumbini hajui aweke wapi mikono yake mwenyewe. Ni mke aliyewaongoza hadi chumbani. Ni yeye aliyeonyesha msumari, na fimbo ilipoyumba aliishika akainyoosha dhidi ya ukuta.

"Una hakika ni hapa, mama?" mhandisi akauliza kwa upole. "Haukuhamishwa?"

"Mwanangu alikuwa hapa chini yake," akasema. "Ungehamishwa ningejua."

Walipiga hesabu kwenye meza ya kulia, wakatoa mteremko wa mto kati ya nyumba na kipimo, wakarudia mara mbili. Mhandisi akasoma kwa sauti: mita saba na sentimita themanini na sita. Akashusha pumzi.

"Karibu mita moja na nusu juu ya ile ya kwanza. Kiwanja cha chini hakifai tena. Tungejenga pale tungekuwa tumejenga ndani ya mto." Akamtazama mzee. "Watu wa mji hawatakushukuru."

"Kinyozi atanikata sikio," akasema mzee, na hakuna aliyecheka.

Kilichobaki kilikuwa daftari. Wizara ilitaka sahihisho lifanywe kwenye daftari lenyewe, kwa mkono wa msomaji, na litiwe sahihi na shahidi aliyeona kina cha kweli. Mzee alilileta kutoka kibandani, jalada lake la kijani limechakaa pembeni, akalifungua mezani. Shahidi alikuwa mmoja tu. Mkewe alivuta kiti, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa saa saba. Hakuwahi kulifungua daftari lile, kwa kuwa aliliheshimu.

Alisoma kwa sauti, taratibu, safu kwa safu. Tarehe. Saa saba mchana. Sita nukta arobaini. Sahihi ya mumewe, ileile aliyotia kwenye cheti chao cha ndoa. Kisha kidole kikafika safu ya mwisho, ya maoni, na kikasimama.

"Hali ya kawaida," akasoma.

Mzee alikuwa amesahau. Maneno hayo aliyaandika kila siku, asubuhi na jioni, maelfu ya mara, mkono unaandika wenyewe huku kichwa kinawaza chai. Siku ile nayo mkono uliandika wenyewe.

"Huwa tunaandika hivyo," akasema, na akasikia jinsi lilivyo jibu la ovyo. "Kila siku. Ni mazoea tu."

"Siku ile?"

"Siku ile pia. Nisamehe."

Mkewe hakusema amesamehe. Alisogeza daftari mbele yake, akampa kalamu. "Anza na namba."

Akapiga mstari mmoja juu ya sita na arobaini, ikabaki inasomeka. Juu yake akaandika saba na themanini na sita, akatia sahihi. Sahihi ikatoka mbaya.

"Na hapa," mkewe akasema, kidole bado kiko kwenye maoni. "Piga mstari."

Akapiga. "Niandike nini juu yake?"

"Andika jina la mtoto."

Mhandisi alikuwa na haki ya kusema kwamba safu ile si ya mambo hayo. Aliinama akafunga begi lililokwisha kufungwa. Mzee akaandika jina la mwanawe, jina ambalo halikutamkwa mezani pale kwa miaka mingi, na kwa kuwa safu ilikuwa nyembamba aliliandika kwa herufi ndogo, kwa uangalifu, kama anavyoandika mtu anayejifunza. Halafu kwa hiari yake akaongeza: msomaji hakuwepo. Mkewe akasoma, akachukua kalamu, akatia sahihi ya shahidi chini yake.

Mhandisi aliaga, akavaa viatu mlangoni, akaondoka na nakala. Wazee wawili wakabaki na daftari katikati. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika kumi. Mzee hakuinuka. Aliona hana tena haki ya kuinuka kabla hajaambiwa.

Mkewe alifunga daftari, akamsogezea.

"Saa kumi na mbili inakaribia," akasema. "Nenda kasome maji." Alipofika kizingitini akamwita, si kwa baba watoto, ila kwa jina lake mwenyewe la utotoni, ambalo hakulitumia tangu wachumbiane. Akageuka.

"Uende kweli," akasema, akasimama mlangoni kumtazama mpaka alipofika ngazini.